Kulaza Ukungu

Moshi ukitoka mashineni una homa.
Uache hivyo hivyo, utapanda darini,
utajikunja kwenye mapangaboi,
na watu wa viti vya nyuma wataanza kukohoa
kama waliokaa karibu na jiko la kuni mbichi.

Ukungu wa jukwaani ni mtoto: haulali mpaka upoe.

Basi nilikwenda soko la Wete jua halijachomoza,
nikamwambia Shaame wa barafu, nipe vipande sita.
"Una samaki gani?"
"Sina samaki. Nina mchezo."
Akacheka, akaniongezea cha saba.

Deli nililitoboa matundu mawili:
huku mpira wa moshi unaingia,
huku bomba nene la plastiki linatoka,
na katikati barafu, nimeipanga kama ukuta wa mjenzi mvivu,
ili moshi ujipenyeze kwenye nyufa, upoteze hasira.
Nimelisugua kwa ndimu na majivu mara tatu,
bado ukungu wangu ulinuka changu kidogo.
Kwa watu wa Wete hilo si kosa.

Funga madirisha. Zima mapangaboi.
Mwombe Bi Time wa mstari wa mbele
akilaze mapajani kipepeo chake cha ukili.
Mlango usifunguliwe, hata akija sheha.
Ndipo uachie bomba, polepole,
na uone:
unatoka kama maziwa aliyoyamwaga mtu asiyejuta,
unashika mbao, unatambaa chini ya kitanda cha kamba,
unafika ukingoni mwa jukwaa, unachungulia,
halafu unaporomokea miguuni pa watoto wa skuli
ambao wote, kwa pamoja, hunyanyua miguu.

Lakini sikuulaza kwa ajili ya watoto.
Ilikuwa kwa ajili ya Raya,
anayecheza mke atokaye kwa mumewe alfajiri
na kupita katikati ya mikarafuu peke yake.
Mguu wake wa kushoto ulibaki mdogo tangu utotoni.
Hakuniomba. Mimi mwenyewe nilipima:
ukungu wa kufika magotini, sekunde arubaini,
toka mlango wa chumba hadi pazia.
Usiku wa kwanza alielea.
Usiku wa pili alielea.
Nikajiona fundi. Nikajiona mwema hata.

Usiku wa tatu mtambo wa barafu ulikuwa umeharibika.
Shaame alinipa ndoo ya maji baridi, na pole.
Nikasema, twende hivyo hivyo.

Moshi ukatoka na homa yake.
Haukulala. Ulisimama wima,
ukampanda Raya kifuani, shingoni,
ukamfunika uso, na ushungi,
na machozi aliyoyafanyia mazoezi mwezi mzima,
na chini ukaacha peupe
miguu miwili juu ya mbao.

Tukasikia.
Mmoja unatua. Mmoja unakokotwa.
Tua.
Kokota.
Mimi nyuma ya pazia, na deli langu la maji,
sikuwa nimewahi kusikia njia ilivyo ndefu
toka chumba kile hadi mikarafuuni.
Kipepeo cha Bi Time hakikutikisika.
Moshi ulikuwa umejaa ukumbi mzima
na hakuna aliyekohoa.

Baadaye alikuja, ushungi unanuka moshi,
akakaa juu ya deli, akawa anakanda kifundo.
Nilikuwa nimetayarisha maneno ya radhi.
Hakuyangoja.
"Kesho barafu ikipatikana," akasema,
"nunua vipande vitatu."

Nikanunua vitatu.
Shaame akataka kuniongezea cha nne, nikakataa.
Ukungu ukafika kifundoni, ukakoma hapo,
na kila alipokokota ulifunguka nyuma yake
mfereji mwembamba, mweusi,
ambao ulichelewa kujifunga.